Chumba Kisicho na Maharagwe

Nyinyi mnaoanza kazi ya maabara, hebu nijibuni kwanza: katika mji wote wa Gisenyi, kuanzia Nengo hadi ufukweni, ni chumba gani ambacho punje ya haragwe haijawahi kuingia? Msikimbilie kujibu. Mimi nilikitafuta kwa miguu yangu mwenyewe, mtu mzima na akili zangu timamu, nikigonga milango na kuuliza swali hilohilo, mpaka mwenye duka mmoja akaniuliza kwa upole kama nyumbani wote ni wazima.

Najua mbele yangu mnaniita Tantine Kolete, yaani shangazi, na nikigeuka mnaniita Bibi Maji. Nimesikia, masikio bado yanafanya kazi. Sina kinyongo. Mkimaliza kusoma hapa mtajua jina hilo lilitoka wapi, na huenda mkaacha kulicheka.

Nimekulia Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokuwa wakimbizi, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kuliko Kinyarwanda changu. Tuliporudi nchini, nikapata kazi ya kuosha chupa katika kituo kidogo cha utafiti wa mazao hapa wilayani Rubavu. Niliosha chupa mpaka nikachoka kutojua nilichokuwa naosha, nikaanza kuuliza. Mkuu wa maabara, Daktari Silvani, mtu mrefu mwenye kucheka kwa pua, hakunifukuza. Alinipa koti jeupe lililonipita magotini na kuniambia, "Bon, sawa, Kolete, kama unataka kujua, shika pipeti."

Kazi yenyewe ilikuwa kutambua undugu wa mimea kwa alama za jeni. Nyinyi mmefundishwa kwa maneno marefu, lakini mimi huwaeleza watu hivi: ndani ya kila jani kuna vinasaba, na ndani ya vinasaba kuna sehemu ambazo herufi chache zinarudiwarudiwa kama mtu mwenye kigugumizi. Mmea huu umezirudia mara nane, ule mara kumi na moja, na kila mmoja umerithi kigugumizi chake kwa wazazi wake. Ukilinganisha sehemu za kutosha, utajua nani ndugu wa nani, hata kama mmoja una punje nyekundu na mwingine nyeupe. Rangi ni nguo tu, na nguo huazimwa.

Na kwetu kazi haiishi. Mkulima wa hapa hapandi haragwe la aina moja. Mwombe mbegu mama yeyote kule Cyanzarwe, atakuchotea mchanganyiko: ya zambarau, ya njano, yenye madoadoa, yenye mistari, marefu na ya mviringo, yote katika bakuli moja. Mvua ikizidi, haya yatakufa na yale yatapona. Jua likikaza, mambo yanageuka. Sisi tulipita nyumba kwa nyumba kuomba punje na majani, ili kujua ndani ya bakuli hilo mna aina ngapi kweli na zinahusiana vipi.

Mambo ya porini hamtayakuta vitabuni, kwa hiyo yashikeni hapa. Chuma jani changa, lile laini la juu, maana jani zee lina utomvu unaoharibu kila kitu. Andika lebo kwa penseli. Kalamu ya wino ikikutana na spiriti, kazi ya wiki nzima inakuwa doa la buluu. Usivae viatu vipya kwenye mawe ya volkano. Na usifunge utepe mwekundu kwenye mmea karibu na ng'ombe. Kule Bugeshi tulikwenda kuchunguza kunde za mwitu zinazoota kandokando ya mashamba, tukitaka kujua kama zimezaliana na kunde za watu. Tulizifunga tepe vizuri kabisa, tukaenda kunywa chai kwa mwenye shamba, maana mgeni hakatai chai. Tuliporudi, ng'ombe wa mwenyeji wetu alikuwa amesimama pale, utepe unaning'inia mdomoni, anatutazama bila wasiwasi wowote. Daktari Silvani alimtazama naye, kisha akasema, "Donc, kwa hiyo sampuli iko ndani ya ng'ombe." Tulirudi siku nyingine na tepe za kijani.

Sasa niwaambie habari ya Mama Vestine, Vestine likiwa jina lake mwenyewe.

Tulimkuta Cyanzarwe, karibu na mpaka wa kwenda Goma, katika mizunguko hiyohiyo ya kuomba mbegu. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuchekesha. Alisikia Kiswahili changu akakataa kuongea nami Kinyarwanda tena. Alikuwa ameishi Goma miaka ya shida, na Kiswahili cha huko alikipenda kama kiatu kilichomzoea.

"Tantine, mashine yenu inaweza kutafuta haragi moja yenye ilipotea?"

Nikamwuliza limepotea vipi.

Akanieleza. Mama yake alikuwa na haragwe lake, jeupe la maziwa lenye mistari myekundu, ambalo nyumbani waliliita la Nyogokuru, yaani la bibi. Kwao, binti akiolewa na kushika mimba ya kwanza, mama yake humpelekea mbegu hiyo aipande kando ya nyumba, ili mtoto akianza kula ale cha ukoo wake. Familia ilipokimbilia Goma, mbegu ilibaki. Mama yake alifia huko. Waliporudi, shamba lilikuwa msitu. Tangu hapo Mama Vestine alinunua kila haragwe jeupe lenye mistari aliloliona sokoni, akapanda, akapika, akaonja, akasema hapana. Na sasa binti yake Klodina alikuwa ameolewa na tumbo lilishaanza kuonekana.

"Mashine inalinganisha tu, mama," nikamwambia. "Inahitaji kitu cha zamani cha kulinganisha. Hata punje moja."

Aliingia ndani. Alirudi na kibuyu kidogo kama ngumi, cheusi kwa kushikwa, kile cha kumtikisia mtoto mchanga anapolia. Akakitikisa. Kililia sauti kavu, safi.

"Hii mama alimutengenezea Klodina," akasema. "Haragi ya ndani ni ya mavuno ya mwaka ule. Tulikimbia, Klodina alikuwa kwa mugongo, na kibuyu kilikuwa mukononi yake."

Daktari Silvani alinyoosha mkono kama mtu aliyeona dhahabu. Mama Vestine akakirudisha kifuani. Maana hiyo ndiyo ilikuwa shida yake, nami naomba muielewe vizuri. Kibuyu hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha mama yake, na mjukuu aliyekuwa njiani ndiye angekirithi. Kukifungua ni kukinyamazisha. Na tukiziharibu punje, angebaki na kibuyu bubu na mbegu asiipate.

Daktari alitaja msumeno mdogo. Mama Vestine alimtazama kwa namna ambayo sitaki kuisimulia. Hatimaye alikifungua mwenyewe. Aliweka maji ya moto barazani, akakilainisha kizibo kilichogandishwa kwa ulimbo wa mti, akakichokoa kwa pini ya nywele taratibu hadi jua likahama ukuta mmoja kwenda mwingine. Hatukuthubutu kumsaidia. Kizibo kilipotoka, akamimina punje kiganjani mwangu: chache, za rangi ya kahawia iliyokolea, nyepesi kama maganda. Uzee ulikuwa umefuta mistari yote. Huwezi kuziotesha wala kuzitambua kwa macho.

"Musiniletee jibu ya kunifurahisha," akasema. "Mi nataka ya kweli."

Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma. Kibuyu kitupu, vijana, hakivumi hata kidogo. Mama Vestine alikitikisa mara moja ili kusikia, akakiweka chini.

Tukarudi maabara tukiwa na furaha ya kijinga. Nilisaga punje mojawapo kwa kinu kidogo, nikatoa vinasaba, nikazidisha alama kwenye mashine, nikapika jeli ya kutenganisha vinasaba kwa umeme. Jeli mnaijua, unaichemsha kama uji, na kama uji itakumwagikia ukigeuza kichwa. Nilipowasha umeme na taa, mistari ikatokea mizuri ajabu, minene, inayong'aa. Tukalinganisha na sampuli zetu. Ikafanana sawasawa na aina moja inayouzwa kila soko hapa Rubavu!

Daktari Silvani alinikumbatia, nami nikamkanyaga. Alituma soda ziletwe. Simu ilikuwa tayari mkononi mwangu nimpigie Mama Vestine, naye Daktari akiinama juu ya picha apige hesabu ya mwisho, na hapo ndipo wote wawili tuliona mistari kwenye njia ya pembeni kabisa, ile ya mrija wa maji.

Kila mnapofanya kazi hii, mnaweka mrija mmoja usio na mmea, wenye maji tu. Mrija huo hautakiwi kuonyesha chochote. Sasa maji yetu yalikuwa yanaonyesha haragwe. Tena haragwe lilelile la sokoni, lenye mistari ileile.

"Kolete," Daktari akasema polepole, "maji yetu ni ndugu ya haragi."

Nilijua mara moja. Wiki ile tulikuwa tumesaga gunia zima la aina hiyo kwa ajili ya kazi nyingine. Vumbi lake lilikuwa kila mahali, kwenye meza, kwenye koti, kwenye nywele zangu. Vinasaba vya punje kuukuu ni vichache na vimekatikakatika, ni mnong'ono tu. Vumbi la punje mpya likiingia, linapiga kelele na hutasikia mnong'ono. Soda zilikuja, tukazinywa kama watu wa msibani, na tangu siku hiyo mimi kwenye kila jeli hutazama maji kwanza.

Nilikwenda Cyanzarwe mwenyewe kumwambia Mama Vestine kwamba tumetumia punje na hatujui lolote. Nilimweleza habari ya maji, akanisikiliza akichambua mboga.

"Imebaki?"

"Chache."

"Na mungeninyamazia? Mungesema ile ya soko ndiyo?"

"Ungefurahi, mama."

"Ningefurahi," akakubali. "Kisha ningepanda uwongo." Akaendelea na mboga zake. "Enda ujaribu tena. Na uoge."

Basi ndipo msako ulipoanza. Punje zilizobaki zilitakiwa zisagwe na kuingizwa mrijani mahali ambapo hakuna vumbi la haragwe. Mrija ukishafungwa, hata ukirudi maabara hakuna neno. Mahali tu, chumba kimoja. Penye nia pana njia, nikajiambia, nikashika njia.

Shule? Wanafunzi hula maharagwe kila siku ya Mungu. Kituo cha afya? Jamaa za wagonjwa wanapika uani, na harufu inakufikia mapokezi. Kanisani kwetu nilikwenda na matumaini makubwa, padri akanionyesha sakristia safi kabisa, na kwenye kona magunia ya sadaka ya mavuno. Maharagwe, bila shaka. Hoteli ya ufukweni, ya wageni wanaokula viazi vya kukaanga, nikaona hapo ndipo. Mpishi akaniambia wafanyakazi wanakula nini mchana. Niliketi kwenye ukuta wa ziwa nikakata tamaa, nikiwaza kwamba nchi nzima imejengwa kwa maharagwe na mimi ndiye mpumbavu wa kutafuta ufa.

Mbele yangu wanawake walikuwa wanapokea sambaza kutoka kwenye mitumbwi, vile visamaki vidogo vya Kivu, wakivipeleka kwenye chumba chao cha barafu. Nikavitazama vikipita. Nikasimama nikiwa nimeshaanza kukimbia.

Fikirieni nanyi. Alama zetu zinatambua haragwe tu. Samaki hata akijaa chumba kizima, kwenye jeli haonekani kabisa. Na nani aliwahi kuingiza maharagwe kwenye chumba cha barafu cha sambaza?

Mkuu wa wanawake wale alikuwa Mama Bahati, mwanamke wa sauti kubwa mwenye nusu ya ukoo wake Goma. Nilipomweleza ninachotaka, aliwaita wenzake wote.

"Mukuje musikie! Tantine huyu anataka kusaga haragi kwa chumba ya samaki!"

"Yampayinka, makubwa haya!" mmoja akapiga makofi. "Na samaki atapikiwa wapi, kwa maabara?"

"Mi nimeona mengi hapa kwa ziwa," Mama Bahati akasema, "lakini hii bado." Akanitazama tena, akaona sicheki. "Ni kwa nini, kweli?"

Nikamweleza habari ya kibuyu. Kicheko kikamtoka usoni taratibu. Naye alikuwa na bibi, kila mtu ana bibi. "Bon," akasema. "Chumba iko. Lakini kama utaleta harufu ya haragi kwa samaki yangu, utanunua zote."

Siku kadhaa kabla ya kusaga sikugusa maharagwe. Nilihamia kwenye ndizi na dagaa, mume wangu akaniuliza kama ninafunga. Niliosha nywele, nikavaa nguo mpya kutoka dukani moja kwa moja, nikafuta meza ya Mama Bahati kwa dawa ya klorini mpaka macho yakatoka machozi. Kinu kipya, pipeti mpya, maji mapya. Vidole viliganda kwa baridi, na sambaza zilinikodolea macho kutoka kwenye ndoo zao. Mama Bahati alisimama mlangoni akimzuia kila mtu asipite, akipaza sauti, "Kama umekula haragi leo, rudia hapo hapo!" Wote walikuwa wamekula.

Tulipowasha taa maabara, Daktari Silvani hakutazama punje. Aliweka kidole kwenye njia ya maji, pembeni. Maji yalikuwa kimya, giza tupu. Ndipo tukaruhusu macho yahamie kando, na palikuwa na mistari, myembamba, hafifu, lakini imesimama. Hayakuwa maharagwe yale ya sokoni. Hayakuwa yoyote kati ya yale yanayofanana nayo. Tulipekua sampuli zetu zote, na alama zikalingana na moja tu, iliyotoka katika bakuli la mchanganyiko la mukecuru, bibi kizee mmoja wa Bugeshi. Tuliirudia kazi yote upya kwa punje nyingine, chumbani kwa Mama Bahati, kabla ya kumwambia mtu.

Nilipofika kwa Mama Vestine nilikuwa nimeshaandaa hotuba. Hakuitaka.

"Maji ilisema nini?" akauliza.

"Ilinyamaza."

Alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya kinu kilichopinduliwa, akafunika uso kwa kitenge.

Tulipanda kwenda Bugeshi pamoja, na mukecuru akatukaribisha kwa chai. Alipoulizwa mbegu ilitoka wapi, alisema aliikuta kwa mama mkwe wake, na huyo hakuwahi kumwambia. Akachagua punje zenye mistari kutoka bakulini mwake, nyeupe za maziwa, mistari myekundu, akamjaza Mama Vestine kiganja, na hakutaka kusikia habari ya malipo ya mbegu. Mimi nilidhani baadhi zitaingia kibuyuni siku ileile. Mama Vestine alikataa. Zilikuwa chache, na zote zilistahili udongo. Nusu akampelekea Klodina, nusu akapanda mwenyewe. Mtoto alizaliwa kibuyu kikiwa bado bubu. Alipolia walimtikisia funguo.

Niliitwa wakati wa mavuno. Klodina alikuwa na mtoto mgongoni, Mama Vestine anapeta, na mimi nikajikuta nimeshika ungo wa pili, vumbi la maganda likituruka usoni. Sufuria ilikuwa jikoni tayari. Mama Vestine alionja kwanza, kijiko kimoja, na akakaa nacho mdomoni muda mrefu kuliko mtu anavyokaa na haragwe. Hakusema ndiyo. Alitoa tu sahani zote za nyumbani, hata zile za wageni, akaanza kupakua.

Kisha akakileta kibuyu. Akahesabia ndani punje kavu za juani, akakikandika kizibo kwa ulimbo mpya, akakitikisa sikioni kwake huku amefumba macho.

"Bado iko mubichi," akasema. "Ya mama ilikuwa inalia kavu."

"Itakauka," Klodina akasema.

"Itakauka," akakubali, na machozi yakamtoka waziwazi huku akicheka, akakipeleka kibuyu kwenye kile kiganja kidogo mgongoni mwa binti yake, na kiganja kikakifumbata.

Nilikula sahani mbili. Vumbi la haragwe lile lilinijaa nywele, koti na kucha, nikarudi nalo hadi kwangu Nengo, na kwa mara ya kwanza tangu nishike pipeti sikujikung'uta.